Anapobakwa na Wenzake wa Kikosi: Somo kwa Familia na Viongozi

Somo la vikundi vya mazungumzo vya Nyamitaba na vijiji vya Masisi na Walikale



Tunapozungumza juu ya ubakaji wakati wa vita, mara nyingi tunamfikiria mama aliyekuwa shambani au msichana aliyekwenda kutafuta kuni. Mbakaji tunamfikiria kuwa mtu wa kundi jingine, adui aliyetokea msituni. Mambo hayo yametokea sana kwetu, na tumeyazungumza katika vikao vingi.

Lakini kuna wanawake na wasichana ambao vikao vyetu huwasahau. Ni wale waliokuwa ndani ya jeshi au ndani ya kundi lenye silaha, wakabakwa na wakubwa wao au na wenzao wa kikosi kimoja. Wakirudi nyumbani, wengi hawasemi. Wanajua wataulizwa: «Si ulikwenda mwenyewe? Si ulikuwa na bunduki? Si ulikuwa bibi wa komanda?»

Somo hili ni kwa familia za Nyamitaba, kwa zilizobaki na kwa zile zilizokimbilia kwingine. Vita vya M23 vilianza upya mwishoni mwa mwaka 2021, vikafika Kitchanga Januari 2023. Tarehe 27 Januari 2025 M23 iliingia Goma, na muda mfupi baadaye kambi nyingi za kando ya mji zikavunjwa. Familia zimehama mara mbili, mara tatu. Katika kuhama huko wasichana wametoka kwenye makundi na kurudi kwa wazazi, na wengine wameingia. Ndiyo maana jambo hili haliwezi kungoja amani kamili.

Mwisho wa somo, tungependa kila kiongozi na kila mzazi aweze kujibu maswali matatu:

1. Hatari ya wanawake hawa inatoka wapi?
2. Sheria inasema nini juu yao?
3. Wakirudi, tufanye nini na tuache nini?

Ni nani tunaowazungumzia?

Kwanza kuna wanawake watu wazima walioandikishwa katika jeshi la taifa, FARDC, au katika polisi. Hao wana cheo, sare na namba. Kwa lugha ya jeshi huitwa PMF, herufi za Kifaransa zenye maana ya askari wa kike. Kazi yao ni halali, na wengi wameifanya kwa heshima.

Pili kuna wanawake na wasichana walio katika makundi yenye silaha. Baadhi walishika bunduki na kwenda vitani. Wengine walipika, walibeba mizigo, walipeleka habari, walichota maji au walitunza watoto wa makomanda. Wengine walichukuliwa kwa ajili ya ngono tu.

Mara nyingi watu husema: «Huyu hakuwa askari, alikuwa mpishi tu.» Mwezi wa Februari 2007 serikali nyingi zilikutana mjini Paris na kukubaliana juu ya kanuni za kuwalinda watoto waliohusishwa na majeshi na makundi. Kanuni hizo zinasema wazi kwamba mtoto aliyehusishwa na kundi si yule tu aliyebeba silaha. Mpishi, mbebaji, mjumbe, mpelelezi na msichana aliyechukuliwa kwa ajili ya ngono, wote wanahesabiwa.

Neno hilo lina uzito, kwa sababu bila kuhesabiwa hakuna msaada. Katika mipango ya kuwaondoa wapiganaji msituni tangu miaka ya 2000, mvulana aliyekabidhi bunduki alijulikana mara moja kuwa kadogo. Msichana aliyesimama nyuma yake aliandikwa kuwa mke au jamaa wa mpiganaji, au hakuandikwa kabisa. Mwaka 2015 MONUSCO ilitoa taarifa kuhusu wasichana katika makundi ya Kongo. Ilionyesha kwamba kati ya watoto waliotolewa katika makundi tangu mwaka 2009, wasichana walikuwa karibu 7 tu kwa kila watoto 100. Wale wengine walibaki msituni, au walitoroka usiku na kurudi nyumbani kimya.

Hatari inatoka wapi?

Wengine husema hatari inatokana na kuchanganya wanaume na wanawake mahali pamoja. Jibu hilo halitoshi. Sokoni, kanisani, msikitini na shuleni pia wanaume na wanawake wako pamoja. Tofauti ya kikosi ni uwezo ambao mtu mmoja anao juu ya mwingine.

Tazameni mambo manne ambayo komanda anaweza kuyashika mkononi:

- Chakula na dawa. Yeye ndiye anayegawa. Anayemkataa anaweza kulala njaa.
- Mahali pa kulala na zamu ya ulinzi. Anaweza kumpanga msichana alinde mlangoni kwake usiku.
- Ruhusa. Bila karatasi yake, au bila neno lake, anayeondoka anaitwa mtoro, na mtoro anaweza kupigwa au kuuawa.
- Malalamiko. Aliyeonewa lazima apeleke shauri kwa mkubwa wake. Je, ikiwa mkubwa huyo ndiye aliyemwonea?

Jambo la nne ndilo zito kuliko yote. Mwizi akiwa yeye mwenyewe ndiye hakimu, nani atakwenda kushitaki? Katika kundi la msituni hakuna mlango mwingine kabisa. Katika jeshi la taifa mlango mwingine upo, kwa mwendesha mashitaka wa kijeshi. Lakini askari wa kike aliye kwenye kilima cha mbali, mwenye simu isiyo na mtandao, hawezi kuufikia bila kupita kwa mkubwa wake.

Tusidhani jambo hili ni la Kongo au la Afrika peke yake. Jeshi la Marekani lina pesa, kambi nzuri na mahakama zake, na bado wanawake wake wengi wamelalamika kwa miaka kwamba walibakwa na wenzao. Zamani komanda ndiye aliyekuwa akiamua kama shauri litafika mahakamani au halitafika. Mwezi wa Desemba 2021 ikapitishwa sheria ya kuondoa uamuzi huo mikononi mwa makomanda na kuukabidhi kwa waendesha mashitaka wasio chini yao. Ilianza kutumika mwishoni mwa Desemba 2023. Ikiwa nchi yenye uwezo kama ule iliona kwamba komanda hafai kuwa mlango wa pekee wa haki, sisi nasi tunaweza kujifunza hapo.

«Alikuwa bibi wa komanda»

Katika makundi mengi msichana «hupewa» komanda, kisha wote humwita bibi yake. Wasichana wengine wametueleza kwamba walikubali mtu mmoja ili wasiwe wa watu wengi. Hakuna mahari iliyotolewa, wala wazazi hawakuulizwa. Na yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kukataa na kubaki salama.

Ndoa katika mila zetu zote, iwe kwa Wahunde, kwa Wanyanga, kwa Watembo, kwa Wahutu au kwa Watutsi, ina watu wawili, familia mbili na mashahidi. Kuchukuliwa kwa nguvu ya bunduki hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Mbele ya sheria jina lake ni utumwa wa ngono. Tukiendelea kuliita ndoa, tunamsaidia mkosaji kuficha kosa lake.

Kesi iliyobadilisha sheria ya dunia

Watu wengi wa Masisi wanalijua jina la Bosco Ntaganda. Alikuwa mkubwa katika CNDP, akaingizwa katika jeshi la taifa mwaka 2009, akaishi Goma ingawa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati ya kumkamata tangu mwaka 2006. Tarehe 18 Machi 2013 alijisalimisha katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali, akapelekwa La Haye.

Kesi yake haikuhusu Masisi. Ilihusu Ituri, miaka ya 2002 na 2003, alipokuwa kiongozi katika jeshi la UPC. Kati ya mashitaka yake yalikuwemo mawili ya namna mpya: kwamba wasichana wadogo waliokuwa askari wa UPC yenyewe walibakwa na kufanywa watumwa wa ngono ndani ya kundi lao.

Mawakili wake walipinga. Walisema sheria ya vita inawalinda raia na wapiganaji wa upande wa pili waliokamatwa au kujeruhiwa, na kwamba askari anayemtendea ubaya askari wa kundi lake hatendi kosa la vita. Kama mahakama ingekubali, wasichana wote waliobakwa ndani ya makundi yao wangekosa sheria hiyo ya kuwalinda.

Tarehe 15 Juni 2017 majaji wa rufaa walitoa jibu. Walisema mtu haondolewi katika ulinzi wa sheria hiyo kwa sababu tu yeye na mkosaji ni wa kundi moja. Ubakaji na utumwa wa ngono vinaweza kuwa makosa ya vita hata vikitendwa dhidi ya askari wa kikosi kilekile.

Majaji walisikia mengi katika kesi hiyo. Walisikia kwamba askari wa kike katika jeshi lile walikuwa wakiitwa «guduria», yaani ile sufuria kubwa ya kupikia watu wengi, kwa maana kwamba kila askari angeweza kuwatumia alipotaka. Tunaliandika neno hilo hapa ili viongozi waone jinsi lugha ya matusi inavyofungua njia ya ubakaji. Mtu akishaitwa chombo, wengine wanaanza kumtumia kama chombo.

Tarehe 8 Julai 2019 Ntaganda alipatikana na hatia ya makosa 18, pamoja na hayo mawili. Tarehe 7 Novemba 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka 30, na rufaa ikathibitisha hukumu hiyo tarehe 30 Machi 2021. Katika uamuzi wa fidia wa Machi 2021, majaji walisema pia kwamba watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji na utumwa wa ngono nao wanaweza kuhesabiwa kuwa wahanga.

Tuongeze onyo. Fidia ya kesi hiyo ni kwa wahanga wa Ituri wa miaka ile. Mtu akija kwenye vijiji vya Masisi au kambini na daftari, akidai pesa ili awaandikishe kwa «fidia ya Ntaganda», msimpe pesa wala majina ya watoto wenu.

Sheria ya nchi yetu

Hatuhitaji kwenda La Haye ili kupata sheria. Kongo ilitunga sheria mbili juu ya ukatili wa kijinsia tarehe 20 Julai 2006, na sheria ya ulinzi wa mtoto tarehe 10 Januari 2009. Haya ndiyo mambo ambayo kila chifu na kila mzazi anapaswa kuyajua:

- Ubakaji una adhabu ya kifungo cha miaka 5 hadi 20. Kiwango cha chini huongezwa mara mbili mkosaji akiwa na mamlaka juu ya mhanga, akiwa mtumishi wa serikali aliyetumia vibaya nafasi yake, au akitumia silaha.
- Cheo hakimwokoi mkosaji wala hakimpunguzii adhabu. Na mtu hawezi kujitetea kwa kusema: «Niliamriwa na mkubwa wangu.»
- Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hata ikisemwa kwamba alikubali, sheria haipokei neno hilo.
- Kumwingiza mtoto katika jeshi au kundi lenye silaha ni kosa lenye kifungo cha miaka 10 hadi 20.
- Mzazi au mlezi anayemlazimisha binti kuolewa anaweza kufungwa mwaka 1 hadi 12.
- Shauri la ubakaji halimalizwi kwa faini ya mapatano.
- Mhanga anaweza kuomba asikilizwe faraghani, na mahakama ina wajibu wa kulinda usalama na heshima yake.

Je, sheria hizi zimewahi kumpata kiongozi wa kundi katika eneo letu? Ndiyo. Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeongoza kundi la NDC kule Walikale, alijisalimisha Julai 2017. Tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Kati ya makosa yake yalikuwemo ubakaji, utumwa wa ngono na kuwaingiza watoto katika kundi. Kosa kubwa lilitendeka Julai na Agosti 2010 katika vijiji vya njia ya Luvungi, na hukumu ilikuja baada ya miaka 10. Wahanga walingoja sana, lakini ushahidi wao ulihifadhiwa.

Wengi mtauliza: «Mahakama za Goma zilisimama mwaka 2025, sheria hizi zina faida gani?» Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba makosa ya vita hayafutwi na miaka. Kinachofutika ni ushahidi, usipotunzwa. Kwa hiyo cheti cha daktari, tarehe, mahali na jina la kikosi ni mali ya mhanga, na vinaweza kufaa hata baada ya muda mrefu. Tena, sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 ilianzisha mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV, kwa wahanga wa ukatili wa kijinsia wa vita na wa makosa dhidi ya amani na usalama wa ubinadamu. Hakuna mahali ambapo sheria inasema mhanga asiwe amewahi kuvaa sare.

Anaporudi: mambo ya kufanya

*1. Afya kwanza.* Aliyebakwa apelekwe kituo cha afya mapema iwezekanavyo. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI huanza kutolewa ndani ya saa 72, na humezwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Muda huo ukipita, bado aende. Magonjwa ya zinaa hutibiwa, na wanaotokwa na mkojo au choo bila kujizuia hutibiwa kwa upasuaji. Hospitali ya HEAL Africa mjini Goma na ile ya Panzi mjini Bukavu zimejulikana kwa kazi hiyo kwa miaka mingi.

*2. Maneno ya kwanza.* Msimwulize ameua wangapi, wala msimwulize ni nani baba wa mtoto. Yatosha kumwambia: «Karibu nyumbani. Kilichokupata si kosa lako. Ukitaka kusema, tutakusikiliza, usipotaka, hatutakulazimisha.»

*3. Siri.* Jambo lake lisipelekwe kwenye mkutano wa kijiji, wala jina lake lisisomwe kanisani kwa ajili ya maombi. Mahali ambapo kundi lilelile bado linatawala, siri ni uhai. Kiongozi asiandike majina katika daftari linaloweza kukamatwa njiani.

*4. Uamuzi uwe wake.* Wengine hutaka kushitaki, wengine hutaka kwanza kupona. Msimsukume wala msimzuie. Kwa mtoto, mzazi au mlezi anayeaminika asaidie, lakini mtoto asikilizwe.

*5. Msimalize kwa mbuzi.* Tunajua kwamba wazee wamezoea kupatanisha, na katika ugomvi wa mipaka ya mashamba au wa ng'ombe walioingia shambani, mapatano hayo yameokoa maisha. Lakini mbuzi anayetolewa kwa ajili ya ubakaji huliwa na wanaume wa familia, na msichana hubaki na maumivu. Kumwoza kwa aliyembaka ni kumrudisha mikononi mwa komanda, safari hii kwa mkono wa baba yake.

*6. Mtoto aliyezaliwa huko.* Apewe jina la kawaida, si jina la laana. Aandikishwe kwenye kitabu cha uzazi kama watoto wengine. Tukimwita «mtoto wa adui», tunamwandaa atafute kundi litakalompokea.

*7. Shule na kazi.* Wasichana wengi waliingia katika makundi kwa sababu karo ilikosekana, au kwa sababu kijiji hakikuwa na ulinzi. Akirudi akikuta hali ileile, anaweza kwenda tena. Kushona, kufuga sungura, kupewa kipande cha shamba au kuingizwa katika likilimba ya akina mama ni msaada wa kweli. Nafasi katika kwaya au katika salongo pia inamwambia kwamba yeye ni mtu wa hapa.

Upande wa amani kati ya jamii

Masisi ina jamii nyingi, na makundi mengi yamesema yanapigania jamii fulani. Hapo kuna mtego. Mara nyingi tunapiga kelele juu ya ubakaji uliofanywa na kundi la wengine, tukanyamaza juu ya ule uliofanywa na «vijana wetu» kwa binti zetu wenyewe, kwa kuogopa kuwapa wengine neno la kutusema.

Kimya hicho kinawalinda wakosaji wa kila upande. Mama Mhunde ambaye binti yake alibakwa katika kundi la jamii yake, na mama Mhutu au Mtutsi ambaye binti yake alibakwa katika kundi la jamii yake, wana machozi ya namna moja. Wakikaa pamoja chini ya uongozi wa wazee wenye busara wanaweza kufunguana macho. Tumeona kwamba mazungumzo yanayoanza na maumivu ya nyumba ya mtu mwenyewe hayana matusi mengi kama yale yanayoanza na makosa ya jirani.

Kwa wazazi na kwa wenye vyeo

Wazazi, wengine wenu mmeombwa «kuchangia» kijana ili kijiji kilindwe. Msimtoe binti kwa kudhani atapika tu. Mpishi naye hulala kambini, naye huwa chini ya amri.

Ninyi wenye vyeo mtakaosoma ukurasa huu, mnaweza kuanza kesho bila pesa. Wanawake wawe na mahali pao pa kulala na choo chao. Askari wa kike asipangwe peke yake usiku mlangoni kwa mkubwa. Kila askari aambiwe jina la mtu wa nje ya kikosi anayeweza kupokea malalamiko yake. Na watoto walio kambini waachiliwe, wasichana pamoja na wavulana.

Mfano wa kujadili

Mfano huu ni wa kufundishia. Binti wa miaka 17 amerudi kwa mjomba wake baada ya miaka miwili msituni. Ana mtoto mchanga. Komanda aliyemchukua ametuma ujumbe kwamba yuko tayari kutoa ng'ombe wawili na kumfanya mke halali. Mjomba amekimbia vita mara mbili na hana shamba. Anaona ng'ombe hao wangemsaidia. Amekuja kwa chifu kuomba ushauri. Binti hajaulizwa.

Soma mfano mara mbili, kisha gawanyikeni: akina mama peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao. Baada ya nusu saa rudini pamoja.

*Maswali:*

1. Mjomba ana shida ya kweli. Kijiji kinaweza kumsaidia vipi bila kumuuza binti?
2. Sheria inasema nini juu ya umri wa binti, juu ya ng'ombe, na juu ya ndoa hiyo?
3. Chifu anaogopa kwamba komanda atakasirika. Ni nani wanaoweza kusimama pamoja naye, na binti anaweza kuhamishiwa wapi kwa usalama?
4. Katika lugha yetu, ni majina gani ya matusi tunayowaita wasichana waliotoka msituni? Tutayaacha namna gani?
5. Kama binti angekuwa ametoka katika kundi la jamii nyingine, je, majibu yetu yangebadilika? Kwa nini?

Mwenye kuongoza kikao asimwombe mtu yeyote asimulie yaliyompata. Mtu akianza kulia, mama mmoja anayeaminika atoke naye nje na akae naye. Kabla ya kufunga, watajeni wote mahali ambapo matibabu yanapatikana karibu, ili anayehitaji asilazimike kuuliza.

Ndugu zetu, wazee wetu walitufundisha kwamba mkono uliovunjika haukatwi, bali hufungwa vijiti hadi upone. Binti aliyerudi kutoka jeshini au msituni ni mkono wa nyumba yetu. Amebeba bunduki au hakubeba, alikwenda kwa nguvu au kwa njaa, aliyembaka ndiye mwenye kosa. Tumtibu, tumsikilize, tumrudishe kazini na shuleni, na tuitunze haki yake hadi siku ambayo itaweza kudaiwa.